Mlango Uliokataa Teke

Wanangu mnaoanza kushika randa, mimi naitwa Fundi Mihayo. Kama mmepita Mtendeni, hapa Tabora, mkaona mlango unaofungwa bila kulia bawaba, huenda ni kazi ya mkono wangu. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo, maana mzee aliyestaafu hana starehe nyingine. Nimefanya useremala tangu sina ndevu mpaka ndevu zikaota na kuwa nyeupe. Nimetengeneza vitanda, majeneza, madawati, hata kiti cha miguu mitatu cha mganga mmoja aliyekataa kata kata kunieleza ule mguu wa nne umemkosea nini. Kazi iliyonishinda ni moja tu, na ndiyo nitakayowasimulia. Ya ushindi mtajisimulia wenyewe mkizeeka.

Niliombwa kutengeneza mlango utakaovunjika.

Aliyeniomba ni binti wa Lusu, kule Nzega, anaitwa Kabula. Alikuwa amesomea filamu Dar es Salaam, akarudi huku kwetu na kamera, wenzake saba, na hadithi kichwani. Alinikuta barazani nanoa patasi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Asante babu. Babu, nimekuja tuibe benki."

Nikamwambia akae kwanza anywe chai, benki hazina miguu. Akakaa, akanieleza filamu yake. Kuna jambazi mmoja anayetaka kuiba benki. Anakwenda siku sita mfululizo kuichunguza, lakini kila akifika, karani wa dirishani anamuuliza, "Nikusaidie nini, kaka?" Naye kwa woga anaomba fomu. Siku ya sita ana fomu sita nyumbani na amempenda karani kupita kiasi. Siku ya saba anaingia kafunika uso, bunduki mkononi, na karani anamwambia, "Leo umechelewa." Amemtambua kwa viatu. Mwisho wanakimbia pamoja, wanavunja mlango na kutokomea, na gunia la fedha wanalisahau ndani.

"Kwa hiyo wanaiba nini?" nikauliza.

"Hawaibi kitu, babu."

"Sasa huyo ni jambazi gani?"

"Ndiyo vichekesho vyenyewe."

Sikuelewa, lakini nilimpenda. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kuamua. Benki za kweli zilikuwa zimemkatalia, na kwa kweli hata mimi ningekuwa meneja wa benki ningemkatalia. Alihitaji nyumba ya kugeuza benki, na seremala.

Nyumba ilipatikana kwa Bi. Zuwena. Huyu ni mjane wa umri wangu, babu zake walitoka Omani wakaja huku na misafara, wakafungua duka pale Mtendeni na hawakuondoka tena. Duka lilishafungwa, lakini chumba cha mbele kilikuwepo, kipana, na kaunta yake. Na ulikuwepo mlango. Jamani, mlango ule! Mninga mtupu, maua yamechongwa toka juu mpaka chini. Aliutengeneza mwalimu wangu, Mzee Feruzi, alipokuwa bado kijana, akiagizwa na babu yake Bi. Zuwena. Mimi nilijifunza kazi kwa kuutazama. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu nilimpeleka pale nikamwambia: ona, huu ndio mlango.

Bi. Zuwena alitukubalia kwa sharti moja. "Chumba chukueni. Hata paka wangu akiingia kwenye picha sidai kitu. Ila mlango wa babu usivunjwe wala usichubuliwe. Na hilo sikuachii wewe binti, wala hao wenzio wa Dar. Namwachia Fundi Mihayo."

"Nimeahidi, Bi. Zuwena," nikasema. "Ahadi ni deni."

"Na Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri uwe umerudi mahali pake. Jumamosi namwoza mjukuu wangu. Wageni hawawezi kuingia kwenye nyumba isiyo na mlango wakadhani tumefilisika."

Nikauvua kwa mikono yangu, nikaufunga kwa mablanketi, nikauegemeza chumba cha ndani. Kazi yangu ikawa kutengeneza pacha wake, afanane naye sura, lakini avunjike kwa teke moja.

Kabla sijaendelea, lazima mjue Mzee Feruzi alitulea vipi, vinginevyo mtanicheka bure. Yule mzee alitembea na wembe mfukoni. Ukimaliza kuunganisha mbao, ulimi wa ubao mmoja umeingia kwenye tundu la mwenzake, anakuja anapitisha wembe kwenye maungio. Wembe ukiingia hata kidogo, unavunja unaanza upya, na chakula cha mchana hupati. Nimelala njaa sana kwa ajili ya ule wembe. Aliniambia ubao usioukausha utakuaibisha, nikajifanya nimesikia. Nikaenda kutengeneza mlango wa choo cha mwalimu mkuu kwa mbao mbichi. Mvua zilipoanza mbao zikavimba, na mwalimu mkuu akafungiwa humo humo asubuhi ya gwaride, shule nzima imejipanga inamsikia anavyogonga. Walimtoa kwa shoka. Toka siku hiyo sijagusa ubao bila kuugonga kwa kidole kwanza. Ubao mkavu unaitika kwa sauti nyembamba, mbichi unaguna. Mashine zenu za umeme hazitawaambia hilo, zinakata vyote sawasawa.

Basi mtu aliyelelewa na wembe, mwambie atengeneze kitu kibovu. Nilimwambia Kabula, "Usijali." Nikachukua mbao nyembamba za mninga, nikachonga maua, nikapaka rangi, na yote hayo yalikwenda vizuri. Lakini nilipofika kwenye maungio, mikono ilinikatalia. Nilikuwa nasema moyoni, acha upana hapa, usibane. Mikono inabana. Nilisema, usitie gundi. Nikashtuka gundi imeshatiwa. Nikajidanganya kwamba mbao ni nyembamba, utavunjika tu.

Wakati huo benki yetu ilikuwa imekamilika mpaka na kibao nje, na hapo ndipo likatokea jambo lililoibadilisha filamu yote. Siku ya kupiga picha ya ujambazi, watu wa kuigiza wateja wamekaa kwenye mabenchi, akaingia bibi mmoja wa kijijini aliyedhani ni benki kweli. Akawapa wote "wangaluka", ndiyo salamu yetu ya asubuhi, akakaa kwenye foleni na kikapu chake. Hakuna aliyemtambua kwamba si wetu. Jambazi akapiga kelele mlangoni: "Laleni chini wote!" Wateja wakalala. Bibi akabaki amekaa, anamtazama juu mpaka chini.

"Mwanangu," akasema, "hata salamu?"

Yule kijana, bunduki ya mti mkononi, nyama za uso zikamlegea. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Haya, sema shida yako."

Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nashikilia ubao usianguke, nikauma kofia yangu nisicheke. Kabula hakuzima kamera. Jioni ile alibadilisha hadithi, jambazi wake akawa jambazi mwenye adabu, anayeomba radhi kila anapomfunga mtu kamba. Bibi tulimweleza ukweli, tukampa soda, akatuuliza benki ya kweli iko wapi, akaenda zake.

Ikaja Alhamisi, siku ya mwisho ya picha, na siku ya mlango. Asubuhi mapema jambazi na karani wako ndani, tayari kukimbia. Jambazi akarudi hatua tatu nyuma, akaja kwa kasi, akautia mlango wangu teke.

Mlango haukutikisika. Jambazi ndiye aliyeanguka.

Akainuka, akatia la pili. Akatia la tatu kwa bega. Karani naye akasaidia. Nje watu walikuwa wamejaa, vijana wakaanza kuhesabu mateke kwa sauti. Kwenye la tano kifundo cha mguu wa jambazi kikateguka, akaketi sakafuni analia kweli, si kuigiza. Nami, Mungu anisamehe, sekunde ya kwanza nilijisikia fahari. Nilisema moyoni, huo ndio mlango.

Kisha nikamwona Kabula. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la kamera, mikono kichwani. Wenzake walikuwa na tiketi za kuondoka kesho yake jioni, filamu haina mwisho, na jambazi anachechemea.

Meneja wao alikuwa Mzaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara, kwa hiyo hakunionea haya. "Nyie Wanyamwezi mna taabu," akasema. "Mkiambiwa bebeni, mnabeba. Mkiambiwa angusheni, mnabeba vilevile."

Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. Lakini alichosema baadaye hakikuwa utani. Alikwenda chumba cha ndani, akafunua mablanketi, akaugonga mlango wa Mzee Feruzi kwa ncha ya kiatu. "Huu umeliwa na mchwa chini. Teke moja tu. Tuupachike, tuupige, tumalize. Bi. Zuwena tutamtengenezea mpya, mzuri kuliko huu."

Kabula alinitazama. Bi. Zuwena alikuwa amesimama kwenye ushoroba na kanga yake kichwani, amesikia kila neno. Nilitegemea afoke. Hakufoka.

"Fundi," akasema, "mimi niliongea na wewe. Sina la kuongeza."

Afadhali angenitukana. Nikamwambia yule meneja aufunike mlango ule na asiuguse tena, la sivyo utani utaisha. Nikamgeukia Kabula. "Mwanangu, kesho asubuhi utapata mlango, na utavunjika. Kabla ya adhana huu wa zamani utakuwa umerudi. Vyote viwili. Usilie."

"Utafanyaje babu, na mikono yako ndiyo hiyo?"

"Kuna mtu anajua," nikasema, na nilipolisema nilijisikia kama nimemeza msumari.

Mtu mwenyewe anaitwa Ramadhani. Alikuwa mwanafunzi wangu miaka mingi nyuma, na kazi yake ilikuwa na upenyo kila mahali. Siku moja, karakana imejaa wateja, nilishika mlango alioutengeneza, nikaingiza kidole changu kizima kwenye maungio, nikakitokeza upande wa pili, nikawa nakichezesha ili wote waone. Nikasema, "Huyu si fundi, huyu ni Pengo." Watu wakaangua kicheko. Nikamfukuza hapo hapo. Jina likamganda mji mzima, mpaka na watoto wakawa wanamwita Pengo, na mwisho akahama Tabora. Nilisikia yuko Ipole anatengeneza mizinga ya nyuki. Kwa miaka yote hiyo sikumtafuta. Niliwahi hata kuwasimulia watu kisa kile kama kichekesho.

Nikapanda basi la kwenda kusini, nikafika Ipole saa saba. Nilimkuta chini ya banda lake la nyasi, mizinga imepangwa pembeni, mtu mzima sasa, mwenye mvi. Aliponiona alibaki na nyundo hewani.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba, Ramadhani. Nimekuja kukuomba."

"Kuniomba nini?"

"Unitengenezee mlango mbovu."

Alicheka mpaka akaketi juu ya mzinga. Akamwita mkewe. "Mama Zaituni! Mama Zaituni, njoo umsikie! Fundi Mihayo amefunga safari kutoka Tabora kufuata ubovu wangu!" Mama Zaituni akaja, akanisalimia kwa heshima zote, na akacheka kwa heshima zote. Nikaketi nikameza. Nilistahili zaidi ya hapo. Walipomaliza kucheka wakaniletea ugali na mlenda, nikala, na wakati nakula nikamweleza habari yote ya jambazi, karani, na mlango wa Mzee Feruzi.

Ramadhani akaweka nyundo chini. "Ule mlango uliokuwa unatupeleka kuuangalia?"

"Ndio huo huo."

"Hautavunjwa," akasema, akainuka.

Sasa tegeni sikio, hapa ndipo penye kazi. Ramadhani aliniambia, "Wewe Fundi unadhani ubovu unakuja wenyewe. Ubovu nao una kanuni zake." Akachukua mbao laini za paini alizoziweka kwa ajili ya mifuniko ya mizinga. Ulimi akaukata nusu ya urefu. Tundu akalipanua. Kila ubao akaukata mfereji kwa nyuma, msumeno ukaishia karibu na uso, ili ubao ukiguswa ujue pa kukatikia. Gundi hakutia hata tone. Akayeyusha nta ya nyuki, akakoroga na unga wa mbao, akaujaza kwenye mapengo yote kwa kisu. Nta ikipoa inakuwa ngumu, inashika mlango usimame, na ukiipaka rangi humjui nta ni nani na ubao ni nani. Lakini haina nguvu ya kuzuia teke.

"Haya umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Kwa nyuki. Mizinga yangu ina mapengo, hilo sikatai. Wao wanaingia, wanayaziba kwa gundi yao, maisha yanaendelea. Wateja wangu hawatembei na wembe."

Tuligawana. Yeye akafanya mgongo wa mlango, mimi nikachonga uso. Mara mbili nilijikuta nimekaza maungio yake bila kujijua, na mara zote mbili alinichapa mkono kwa rula. "Acha, Fundi, unaharibu!" Hakuna aliyewahi kunichapa tangu Mzee Feruzi. Kabla jua halijazama mlango ulikuwa tayari, tukaupandisha kwenye lori la asali, tukakaa naye nyuma tukiushika huku na huku kama mgonjwa. Mjini tulifika, tukalala kama watu wengine.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na baridi ile ya kipupwe chetu. Tukaupachika. Ulisimama vizuri, sura yake ile ile ya mlango wa zamani, mpaka Bi. Zuwena mwenyewe akasita kuupita. Tukawa tayari saa moja na nusu.

Tatizo likawa kiatu. Kifundo cha jambazi kilikuwa kimevimba, mguu hauingii. Na mnakumbuka karani alimtambua kwa viatu, kwa hiyo hawezi kuvaa vingine. Wakamtia mguu kwenye ndoo ya maji ya baridi, wakamkanda, wakasubiri. Saa mbili ikapita. Saa tatu. Saa nne. Nyumba ile inatazama mashariki, na jua la Tabora likishapanda halina mchezo. Likafika mlangoni, likatulia juu ya ile rangi ya kahawia.

Ramadhani akaja akaugusa kwa kidole. Akaninong'oneza, "Fundi, umeanza kutoa jasho."

Nikaona kweli, vitone vidogo vya nta vinachuruzika kwenye maua niliyoyachonga. Nikakimbia ndani, na mimi sikimbii ovyo. "Kabula mwanangu, piga sasa, la sivyo utajiangukia wenyewe na sina mwingine."

"Kiatu kimeingia nusu babu."

"Nusu inatosha!"

Akaamuru kila mtu mahali pake. Mimi na Ramadhani tukatoka kwa mlango wa uani, tukazunguka, tukasimama barabarani na watu waliojaa kutazama. Kama ungeanguka kabla ya wakati, ungebaki mlango mmoja tu katika nyumba ile, na nilijua meneja ameshaukodolea macho.

Ndani tukasikia jambazi anamwambia karani maneno yake ya mapenzi. Maneno yalikuwa marefu. Nilimlaani aliyeyaandika, na aliyeyaandika ni Kabula ninayempenda. Kisha tukasikia hatua za kurudi nyuma, moja nzima, moja ya kuchechemea, na kimya. Kijana anaogopa. Mateke matano ya jana yalikuwa bado kwenye mfupa wake.

Ndipo karani, ambaye maneno haya hakuandikiwa na mtu, akasema, "Ngoja. Umemsalimia kila mtu, sasa unataka kutoka kwa teke? Hatukulelewa hivyo."

Akagonga kwa kidole kimoja. "Hodi!"

Mlango ukaanguka. Haukuvunjika kwa kishindo kama tulivyopanga, ulijimwaga barabarani ubao mmoja mmoja, maua yangu yote chini. Na pale mlangoni akaonekana karani kidole kikiwa bado juu, na nyuma yake jambazi kainua mguu wenye kiatu nusu.

Watu barabarani, wakubwa kwa watoto, hakuna aliyeambiwa kitu, wakajibu kwa pamoja: "Karibuuu!"

Wale wawili wakatazamana, wakacheka, wakashikana mikono, wakapita juu ya mbao wakatokomea mtaani, jambazi akichechemea. Machozi yalikuwa yanamtoka Kabula, lakini kamera aliishika mpaka walipopinda kona. Halafu akanirukia shingoni. Yule Mzaramo alinipa mkono, akasema leo Mnyamwezi ametua mzigo.

Sikuwa na muda wa kupongezwa. Saa tano ilikuwa imeshapita, na ndani ya uwanja wa Bi. Zuwena wanawake walikuwa wameanza kuingia na masinia na mapambo ya harusi. Tukautoa mlango wa Mzee Feruzi kwenye mablanketi, mimi na Ramadhani, tukaulaza juu ya mbao tuusafishe kabla ya kuupachika. Bi. Zuwena akaja kuukagua kona kwa kona. Hakuna hata mchubuko.

Ramadhani alikuwa chini, kwenye maungio ya ubao wa mwisho. Akakwaruza kwa ukucha. Akanusa. Akakwaruza tena.

"Fundi, hii ni nta."

"Nta gani?"

"Ya nyuki. Imechanganywa na unga wa mninga. Hapa palikuwa na upenyo, akaufukia."

Nilipiga magoti nikatazama. Nimeupapasa mlango ule maisha yangu yote na sikuwahi kuona. Nikachokonoa kwa ncha ya patasi, na kipande kikatoka kizima, nyuma yake pakabaki uwazi. Kidole changu kiliingia. Wanangu, nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia Ramadhani, kana kwamba yeye ndiye aliyeuchimba. Kisha nikamkasirikia marehemu na wembe wake na njaa zangu zote. Hasira ilipoisha ikabaki aibu, na hiyo ilikuwa yangu peke yangu.

"Ndiyo maana," akasema Bi. Zuwena taratibu. "Tulipokuwa wadogo, siku za joto mlango huu ulikuwa unanukia asali. Tulikuwa tunaulamba."

Ramadhani akainama karibu na sikio langu. "Nina nta mfukoni. Nifukie? Hakuna atakayejua."

Na kweli hakuna ambaye angejua. Ningeupachika, ningepewa sinia la pilau, ningekwenda nyumbani na sifa zangu. Wale wanawake wenye masinia walikuwa wamesimama wanatusubiri tupishe njia, na nilimsikia mmoja akimwambia mwenzie, "Si yule Pengo yule?"

Nikasimama. Magoti yalilia lakini nikasimama.

"Jamani," nikasema, "huyu anaitwa Fundi Ramadhani. Hilo jina jingine nilimpa mimi, mbele za watu, nikaingiza kidole kwenye kazi yake ili mcheke. Leo nimeingiza kidole hicho hicho kwenye mlango wa mwalimu wangu, kimeingia. Bila huyu, mlango huu sasa hivi ungekuwa kuni. Ramadhani, nimekukosea. Nakuomba radhi mbele za watu, kwa sababu nilikutukana mbele za watu."

Ramadhani alikuwa bado amechuchumaa, anausugua mlango mahali palipokwisha kuwa safi. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Fundi, mimi nilishakusamehe jana ulipokula ugali wangu. Shika upande wako, adhana inakaribia."

Akaufukia upenyo kwa nta yake, safari hii wote tukimwangalia. Tukauinua, mmoja huku mmoja huku, ukakaa kwenye bawaba zake. Bi. Zuwena akaufungua na kuufunga mara tatu, akazungusha ufunguo. Kisha akageuka, akanipita mimi, akaenda kwa mwenzangu.

"Fundi Ramadhani, dirisha langu la jikoni halifungi, na kesho nina wageni. Utaniangalizia baada ya swala?"

"Nitaliangalia, Bi. Zuwena."

Ramadhani akaenda msikitini. Mimi si Mwislamu, nikabaki barazani nikimlindia sanduku lake la vifaa. Aliporudi alinyoosha mkono alichukue, nikamwambia apite mbele, anionyeshe njia. Nikambebea mpaka jikoni.